Sikio na Karatasi: Kiingereza cha Kusikiliza katika Bonde la Lukuledi

Mtanzania anayetaka kwenda kusoma au kufanya kazi katika nchi zinazosema Kiingereza hudaiwa kwanza athibitishe kwamba anakijua. Mtihani unaotumika sana kwa kazi hiyo ni ule uitwao IELTS, ulioanza mwaka 1989 kuchukua nafasi ya ELTS ya mwaka 1980. Sehemu yake ya kwanza ni ya kusikiliza. Sauti hupigwa kwa muda wa karibu dakika 30, maswali ni 40, na kila mazungumzo husikika mara moja tu. Hakuna kuomba yarudiwe. Kwa kijana aliyepita katika shule za msingi na sekondari za nchini, sehemu hii ndiyo ngeni kuliko zote. Kusoma amezoea, kuandika amezoea, sarufi ameikariri hadi imemchosha. Lakini kupewa alama kwa kile alichokisikia kutoka kinywa cha mgeni asiyemwona ni jambo ambalo mtihani wake wa kidato cha nne haukumtaka alifanye.

Mhadhara huu unautazama ugeni huo kutoka mahali pamoja, yaani bonde la mto Lukuledi na miji miwili iliyo karibu nalo, Masasi upande wa magharibi na Newala juu ya uwanda wa Makonde. Mahali hapa pamechaguliwa kwa sababu Kiingereza kilifika mapema, na kwa sababu namna kilivyofika inapingana na dhana iliyoenea kwamba mtu wa kusini hana sikio la lugha hiyo. Historia inaonyesha kinyume chake. Katika eneo hili Kiingereza kilianza kupokewa kwa sikio, na ni shule, hasa mitihani ya shule, iliyokihamishia kwenye karatasi.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu aliongoza kutoka Lindi kundi la watu waliokombolewa utumwani, kwa nia ya kuwarudisha karibu na ziwa Nyasa. Kundi lilipofika Masasi lilikataa kuendelea, na hapo pakaanzishwa kijiji. Steere alikuwa mwanafunzi wa Kiswahili kabla ya kuwa mwalimu wa kitu kingine chochote. Kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja kilikwisha kuchapishwa mwaka 1870. Kwa hiyo lugha ya ibada na ya darasa Masasi ilikuwa Kiswahili. Kiingereza kiliwahusu wachache waliopelekwa chuo cha Kiungani, Unguja, kuandaliwa kuwa walimu na makasisi. Mmoja wa waliotoka Kiungani ni Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani, aliyepewa ukasisi mwaka 1890 na kufanya kazi yake Chitangali, upande wa Newala. Watu wa aina yake walikijua Kiingereza kwa kuishi na wanaokisema: mezani, kanisani, njiani, kitandani mwa mgonjwa. Vitabu walikuwa navyo, ila sauti ilitangulia.

Inafaa kukumbuka pia kwamba kusikiliza kama nidhamu hakukuletwa na misheni. Mafundisho ya jando na unyago katika Wamakua, Wayao na Wamakonde yalitolewa kwa mdomo, kwa nyimbo na mafumbo. Mtoto aliyekaa barazani jioni alitegewa kitendawili mara moja, na akishindwa alitoa mji. Katika vyuo vya Kurani, vilivyoongezeka kusini kadiri Uislamu ulivyoenea miongoni mwa Wayao, mwanafunzi alipokea aya kutoka kinywa cha mwalimu, akairudia, ndipo akaiandika ubaoni. Neno lenyewe imla, ambalo walimu wa leo hulitumia kwa zoezi la kuandika yanayosomwa, ni la Kiarabu. Haiwezekani basi kudai kwamba jamii hizi zilikosa mazoea ya kusikia kwa makini. Lililokosekana baadaye ni kitu cha kusikiliza.

Upande wa pili wa bonde palikuwa na Wajerumani. Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walianzisha misheni ya Lukuledi mwaka 1895. Katika vita vya Majimaji, mwaka 1905, vituo vya Lukuledi na Nyangao viliteketezwa, na mwaka uliofuata makao yakahamia Ndanda. Utawala wa Kijerumani ulitumia Kiswahili ofisini na shuleni, na Kijerumani hakikuacha mengi. Kiliacha hata hivyo neno shule, ambalo Tanzania Bara inalitumia mpaka leo wakati Zanzibar inasema skuli. Hayo ni maneno mawili yenye maana moja yaliyosikika kutoka kwa watawala wawili. Mwandishi yeyote wa historia ya lugha angetamani ushahidi wote uwe mwepesi kiasi hicho.

Mwezi wa Oktoba 1917 majeshi ya Kiingereza na ya Kijerumani yalipigana vibaya Mahiwa, katika bonde hili hili, na baada ya muda mfupi utawala ukabadilika. Askari na wapagazi ndio walioisikia lugha mpya kabla ya wanafunzi. Jeshi la KAR lilikuwa darasa kubwa lisilo na ubao, na alama zake zimo katika Kiswahili cha kila siku. Neno la Kiingereza sergeant lina herufi nane. Kiswahili kikachukua sajini, bila ile r isiyotamkwa na Waingereza na bila ile t ya mwisho inayopotea haraka. Kutoka corporal likatoka koplo, ambalo linafuata matamshi kwa uaminifu kuliko tahajia. Ushahidi ulio bora zaidi ni kanali. Mtu anayelisoma neno colonel kwa mara ya kwanza hawezi hata kidogo kulitamka kanali. Ni lazima awe amelisikia. Ndivyo ilivyo kwa shati, lililoiacha r ya shirt, na kwa kabati, lililotokana na cupboard bila ile p ambayo Mwingereza huiandika lakini haitamki. Waliolileta kabati katika Kiswahili hawakuisoma p hiyo popote. Waliisikiliza lugha, na waliisikia sawasawa.

Maneno hayo yakilinganishwa na yale ya baadaye, tofauti inaonekana. Biolojia, fizikia na demokrasia hayakuchukuliwa kinywani mwa mtu. Yalitengenezwa mezani, yakifuata maandishi ya lugha za Ulaya. Si kasoro, kwa sababu istilahi lazima ziundwe. Lakini kati ya koplo na fizikia kuna historia nzima ya namna Kiingereza kilivyohama kutoka sikioni kwenda machoni.

Kuhama huko kulifanyika shuleni. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1927 serikali ya Tanganyika iliwapa wamisionari ruzuku kwa masharti ya ukaguzi na mitihani. Kiswahili kilitumika katika madarasa ya chini, nacho kikasanifishwa kwa msingi wa Kiunguja chini ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Kiingereza kikawa somo, kisha lugha ya kufundishia katika madarasa ya juu. Chidya kwa Waanglikana na Ndanda kwa Wakatoliki zikawa njia za kupandia. Kwa Ndanda kuna jambo moja ambalo wanahistoria wa elimu hulipita upesi. Wamisionari wengi wa Kibenediktini walikuwa wasemaji wa Kijerumani, wa Ujerumani au wa Uswisi, nao Kiingereza walikuwa wamejifunza ukubwani. Mwanafunzi wa Lukuledi alikisikia Kiingereza kwa lafudhi ya Kijerumani, kutoka kwa mwalimu aliyekijua vizuri kitabuni. Si haba, na matunda yalikuwa makubwa: Benjamin William Mkapa, aliyezaliwa Lupaso wilayani Masasi mwaka 1938, alipita Ndanda, akaendelea Pugu, na mwaka 1962 akahitimu shahada ya Kiingereza Makerere. Baadaye alikuwa mhariri wa gazeti la Kiingereza, waziri, na rais kuanzia 1995 hadi 2005. Hata hivyo mfano wake unathibitisha kile kinachosemwa hapa. Makerere ya miaka ya 1950 ilimpa miaka ya kukisikia Kiingereza mchana na usiku, kitu ambacho shule ya bondeni peke yake isingeweza kukitoa.

Kulikuwa na kipindi kifupi ambapo Kiingereza kilirudi kusini kwa sauti. Mwaka 1947 ulianza mpango wa karanga, na Nachingwea, jirani ya Masasi, ikawa moja ya sehemu zake tatu pamoja na Kongwa na Urambo. Bandari ikajengwa Mtwara, reli ikaelekea bara, na tawi lake likafika Masasi mwaka 1958. Mafundi, madereva na wasimamizi wa Kiingereza walijaa mahali ambapo hapo awali Mzungu alikuwa padri au bwana shauri. Serikali ya Uingereza iliuacha mpango mwaka 1951, na reli ikafungwa mwaka 1962. Kiingereza cha gereji kikaondoka na wenyewe.

Baada ya uhuru sikio la Mtanzania likajaa Kiswahili, na ilistahili. Redio Tanzania ilipoundwa mwaka 1965 Kiswahili ndicho kilichofika kila kijiji. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi. Mitihani ya sekondari ilitoka mikononi mwa Cambridge ikapita Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, ambalo Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na mwaka 1973 Baraza la Mitihani la Tanzania likaanzishwa kwa sheria. Mabadiliko hayo yalikuwa makubwa kwa siasa na kwa mitaala. Kwa suala la kusikiliza hayakubadilisha neno. Karatasi ya Kiingereza ya kidato cha nne ilibaki ufahamu wa kusoma, muhtasari, sarufi na insha. Imla iliendelea kuishi shule za msingi, lakini kadiri mwanafunzi alivyopanda ngazi ndivyo sauti ilivyozidi kunyamaza, ingawa kuanzia kidato cha kwanza masomo yote isipokuwa Kiswahili yalitakiwa kufundishwa kwa Kiingereza.

Matokeo yake yanafahamika. Tume ya Makweta ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kitumike pia sekondari, serikali haikukubali. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kusomea, nayo ikafuatwa mwaka 1987 na mradi wa kuimarisha Kiingereza ulioleta vitabu vingi vya kusoma. Vitabu vilihitajika mno. Lakini ni vema kuuliza kwa nini jibu la tatizo la lugha ya kufundishia, yaani lugha ya kusikilizwa saa nzima darasani, lilikuwa kwa sehemu kubwa shehena ya vitabu. Wasomi kama Martha Qorro wameandika kwa miaka mingi kuhusu darasa ambamo mwalimu huanza kwa Kiingereza, huona nyuso zimefifia, akahamia Kiswahili ili somo lieleweke, kisha akarudi kwenye Kiingereza kuandika ubaoni yatakayonakiliwa. Mwalimu huyo hafai kulaumiwa. Anafanya kazi ya busara katika hali isiyo na busara. Ila wanafunzi wake humaliza miaka minne wakiwa wameshakisikia Kiingereza vipande vipande, na wamekinakili kurasa kwa kurasa.

Hapa ndipo mtihani wa ng'ambo unapomkuta. Kitu kigumu katika Kiingereza cha kusikia, kwa sikio lililolelewa na Kiswahili, si msamiati. Kiswahili kina irabu tano, zote zinatamkwa wazi, na mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza cha Uingereza kinahesabiwa kuwa na sauti za irabu zipatazo ishirini zikijumlishwa zile za kuungana, na mkazo wake huhamahama, na silabi isiyo na mkazo humezwa. Cat, cut na cart kwa sikio la Kiswahili zote huelekea kwenye a moja. Sauti za l na r huongeza taabu, kwa kuwa Kimakonde na Kiyao havina r ya asili, wakati Kimakua, jirani yao wa Masasi, kinayo. Watoto wa darasa moja huanza somo moja wakiwa na masikio tofauti.

Mfano unaoumiza zaidi ni wa tarakimu. Sehemu ya kwanza ya mtihani mara nyingi ni mazungumzo ya kujiandikisha mahali, yenye bei, namba za simu na majina yanayotajwa herufi kwa herufi. Kumi na tano na hamsini haziwezi kuchanganywa na Mswahili hata akiwa usingizini. Katika Kiingereza fifteen na fifty hutenganishwa hasa na mahali pa mkazo, na mkazo ndio jambo ambalo sikio lake halijawahi kulihitaji kutambua idadi. Herufi nazo ni mtego. Mwingereza akitaja herufi E, Mswahili husikia i. Akitaja A, husikia kitu kilicho karibu na e. Mtahiniwa anaweza kuwa amesoma riwaya nzima za Kiingereza na bado akaandika jina la mtaa kwa makosa mawili ndani ya herufi sita. Juu ya hayo kuna saa. Anayesikia eight o'clock na kuipitisha kwanza katika saa mbili asubuhi ndipo aelewe kama mtu atawahi au atachelewa, amepoteza sekunde mbili, na mazungumzo hayamsubiri.

Kuna tofauti nyingine ya ndani zaidi, nayo haizungumzwi ipasavyo. Kitenzi cha Kiswahili huweka mambo mazito mwanzoni. Katika hawatakuja, msikilizaji anajua kwa silabi mbili za kwanza kwamba jambo limekanushwa na kwamba wahusika ni wengi. Silabi ya tatu inamwambia wakati. Kiingereza huweza kuficha ukanushi katika mkia wa neno dogo lisilo na mkazo, kama can't linavyokaribiana na can katika usemi wa haraka. Sikio la Kiswahili husikiliza kichwa cha kitenzi na kuona limekwisha kupata habari, kumbe habari iko nyuma. Vilevile katika swali la kukanusha: anayeulizwa kama hajala, naye hajala, Mswahili hujibu ndiyo, Mwingereza hujibu hapana. Mtahiniwa anaweza kusikia kila neno na akachagua jibu lililo kinyume.

Kwa kuyajua haya mazoezi hubadilika. Njia iliyozoeleka, ya kupiga sauti mara tatu nne huku macho yakifuata maandishi yake, inamrudisha mwanafunzi kwenye jicho, mahali alipo hodari tayari. Inayomfaa ni imla ya zamani iliyorekebishwa: sentensi fupi, isomwe kwa mwendo wa kawaida na si kwa kukatakata silabi, isikike mara moja, iandikwe, ndipo maandishi yafunuliwe. Kosa likionekana, lichunguzwe kama kosa la sauti: je, ni silabi iliyomezwa, ni irabu mbili zilizogeuka moja, ni mkanusho wa mkiani? Mwalimu wa Ndanda au Newala asiye na kompyuta anaweza kufanya hivyo kwa simu ya mkononi yenye matangazo yaliyorekodiwa. Orodha za tarakimu za kumi na za makumi, na majina ya vijiji vya wilaya yakitajwa kwa herufi za Kiingereza, Chitangali, Nangoo, Mbuyuni, ni zoezi la dakika kumi lisilogharimu kitu. Imla ilikuwamo hata katika mtihani wa kwanza wa Cambridge wa ustadi wa Kiingereza, mwaka 1913, ambao ulikuwa na watahiniwa watatu na wote watatu wakashindwa.

Kinachoamuliwa na sehemu hiyo ya nusu saa si kidogo. Muuguzi au daktari anayeomba kusajiliwa Uingereza, mwalimu anayeomba nafasi ya shahada ya uzamili, kila mmoja hutakiwa kufikia kiwango fulani, na mara nyingi si wastani tu bali kila sehemu peke yake. Wa kutoka Masasi alipaswa kwenda Dar es Salaam kuufanya. Hadi daraja la Mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, safari yenyewe ilitegemea pantoni ya Ndundu na ukali wa masika. Akirudi na alama nzuri ya kusoma na alama ndogo ya kusikiliza, husema Kiingereza kimemshinda, na jamaa zake husema hivyo hivyo. Alama hizo mbili zikiwekwa pamoja zinasema jambo jingine: kwamba alifundishwa nusu ya lugha, na akaijua nusu hiyo vizuri.

Katika mtihani unaofanywa kwa karatasi, sauti ikikoma mtahiniwa hupewa dakika 10 za kuhamishia majibu yake kwenye fomu, na kosa la tahajia humnyima alama. Hapo kijana wa shule za bondeni yuko nyumbani, kwa sababu tahajia yake haimwangushi. Huandika kwa mwandiko safi, hukagua umoja na wingi, hurekebisha herufi kubwa. Namba ya simu aliyoisikia nusu huibakiza wazi, na msimamizi hupita akikusanya.